Barua ya Wazi kwa Gavana na Bunge la Kaunti ya Mombasa: Tuulizeni Kuhusu Bwawa, na Mtuulize Swali Zima

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa,
Kwa Mheshimiwa Spika na Waheshimiwa Wawakilishi Wadi,

KUH: KURA YA WANANCHI KUHUSU HATIFUNGANI YA KUJENGA BWAWA LA UMMA LA KUOGELEA

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima, naandika kuiomba serikali ya kaunti yangu ikope fedha. Najua kwamba mlipa kodi huandika barua ya namna hii kulalamikia madeni, si kuyaomba, na kwa hiyo nitalieleza ombi langu lote tangu mwanzo. Naomba Kaunti ya Mombasa itoe hatifungani, yaani hati ya kukopa fedha kwa wawekezaji, ya kujengea bwawa la umma la kuogelea, na kabla ya kukopwa shilingi ya kwanza, wapiga kura wa kaunti waulizwe kwa kura ya siri kama wanalikubali deni hilo. Kati ya mambo hayo mawili, la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nikilazimika kuchagua moja, nitachagua kura hata kama bwawa litakataliwa, kuliko bwawa litakalojengwa kimyakimya na gharama yake tukaja kuisoma miaka baadaye katika ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Haja yenyewe haihitaji maelezo marefu kwa watu wanaokaa hapa. Ofisi, masoko na shughuli nyingi ziko kisiwani, lakini wakazi wengi wako bara: kati ya watu 1,208,333 waliohesabiwa katika sensa ya 2019, ni 154,171 tu waliokuwa Mvita, yaani kisiwani, ilhali Kisauni ilikuwa na 291,930 na Likoni 250,358. Kwa hiyo kila siku umati mkubwa huvuka maji kwenda na kurudi, na sisi wa upande wa kusini huvuka kwa feri. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na ufuo na watu 272 wakafa. Mazungumzo yaliyofuata yalihusu chombo na wingi wa abiria waliokuwa wamepakiwa, na ilikuwa haki yaanzie hapo. Lakini swali la wangapi miongoni mwa abiria wale walijua kujiweka juu ya maji kwa dakika tano, mpaka mtumbwi wa kwanza ufike, halikupata nafasi wakati ule, na zaidi ya miaka 30 baadaye bado halijapata.

Nadhani sababu moja ya ukimya huo ni imani kwamba mtoto wa Pwani huzaliwa akijua kuogelea. Kwa wachache ni kweli. Wapo vijana wa Mji wa Kale wanaochupa baharini maji yakijaa na kurudi juu wakicheka, na wapo watoto wa wavuvi waliozoea maji kabla ya kuzoea kalamu. Lakini mtoto wa Magongo au Mishomoroni, ambaye bahari huiona kupitia dirisha la matatu, hana tofauti na mtoto wa Kitui anayekuja ufuoni mara moja kwa mwaka. Na msichana, hata akiwa amezaliwa hatua mia kutoka majini, mara nyingi hufundishwa kuiogopa bahari badala ya kufundishwa namna ya kuwa ndani yake. Siku za Idi na za mwisho wa mwaka, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao sote tunauita Pirates, hujaa watu waliokodi tyubu za magari na kuingia nazo kwenye kina wasichokijua. Tyubu ikimponyoka mtu hapo, hana alilojifunza la kumsaidia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na kwamba kwa watoto wa miaka 5 hadi 14 kuzama ni sababu ya tatu ya vifo. Wahenga walisema mfa maji haishi kutapatapa, ila waokoaji watakwambia kwamba mtoto mdogo mara nyingi hazami hivyo: huenda chini kimya, bila ukelele, hatua chache kutoka kwa watu wazima wanaozungumza. Ndiyo maana shirika hilo linapendekeza watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea, usalama wa majini na namna salama ya kumwokoa mwenzao. Mtaala wetu wa umilisi nao umeweka kuogelea katika mazoezi ya viungo. Lakini mada hiyo, katika shule ya umma isiyo na bwawa, hufundishwa ubaoni kwa chaki, au hurukwa.

Mabwawa ya kuogelea hayakosekani Mombasa. Yako mengi, nayo yamo ndani ya hoteli, klabu za wanachama na shule za kulipia. Mzazi mwenye uwezo hulipa mwalimu binafsi na baada ya miezi michache mtoto wake anaogelea. Sina kinyongo na mzazi huyo. Ninachosema ni kwamba ujuzi ambao kwa mji wetu ni sehemu ya usalama wa kila siku, sawa na kujua kuvuka barabara, umekuwa kitu cha kununuliwa, na watu ambao hawawezi kuununua ndio wanaopanda feri kila asubuhi.

Wajibu wa jambo hili ni wenu, Waheshimiwa, si wa mtu mwingine. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti vifaa vya michezo, fuo na sehemu za mapumziko. Nairobi ina bwawa la Kasarani lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, lakini lile lilijengwa na serikali ya taifa katika zama nyingine, na tukingoja la namna hiyo tutangoja michezo mingine mikubwa. Kwa hiyo fedha ni za kutafutwa hapa, na kwa kuwa bajeti ya maendeleo ya mwaka mmoja hugawanywa kwa wadi 30 hadi kila wadi ikabaki na kipande cha barabara na vyoo viwili, sioni njia nyingine ya kupata kwa pamoja fedha za kujenga kitu cha kudumu isipokuwa mkopo wa muda mrefu.

Sheria imeuruhusu mkopo huo, ingawa kwa masharti. Kifungu cha 212 cha Katiba kinasema kaunti inaweza kukopa ikiwa tu serikali ya taifa imeudhamini mkopo na Bunge la Kaunti limeuidhinisha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaongeza kwamba mkopo utumike kwa maendeleo peke yake, si kwa matumizi ya kawaida. Naomba msomaji aliweke moyoni sharti hilo la mwisho, kwa sababu nitalirudia.

Kuhusu kura, wapo watakaosema kwamba kupigia kura deni ni mambo ya nchi za wengine. Si kweli. Kifungu cha 90 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinaipa serikali ya kaunti uwezo wa kuitisha kura ya maamuzi ya mahali kuhusu miswada ya sheria za kaunti na maombi ya wananchi, na vilevile kuhusu maamuzi ya mipango na uwekezaji, ikiwa ombi la kura hiyo limetiwa saini na robo ya wapiga kura waliosajiliwa. Katika uchaguzi wa 2022 kaunti hii ilikuwa na wapiga kura zaidi ya 640,000, kwa hiyo robo ni watu wapatao 160,000. Kukusanya saini 160,000 za watu wanaotaka kuulizwa swali ni kazi kubwa kuliko kupiga kura yenyewe. Kwa kusoma kwangu, hata hivyo, sharti la robo limefungwa kwenye maamuzi ya mipango na uwekezaji, wala halijafungwa kwenye miswada. Mkiuleta mkopo huu kama mswada wa kaunti, mnaweza kuupeleka kwa wananchi bila kuwatuma kwanza mitaani na karatasi za saini. Mwanasheria wa Kaunti atasema kama nimesoma vizuri, na kama nimekosea, basi na aeleze hadharani ni kwa vipi.

Najua kwamba mtaniambia ipo njia ya ushirikishaji wa umma, nayo inatosha. Nimehudhuria mikutano hiyo. Tangazo hutoka gazetini siku chache kabla, ukumbi hujaa watu walioletwa, chai na mandazi hugawiwa, hati ya kurasa nyingi huelezwa kwa nusu saa, kisha huandikwa kwamba wananchi wameshauriwa. Kwa ada ya maegesho ya mwaka mmoja huenda hilo likatosha. Kwa deni litakalolipwa kwa miaka kumi, na magavana wawili au watatu tofauti, halitoshi hata kidogo.

Sasa nije kwenye hesabu, kwa sababu ndiko ninakoona miradi ya umma ikiharibikia. Hatifungani, kwa maneno mepesi, ni ahadi: mwenye fedha, awe benki, mfuko wa pensheni au mwalimu mstaafu, anaikopesha kaunti, na kaunti inaahidi kumlipa riba kwa vipindi na kurudisha mtaji wake muda ukifika. Tuchukue mfano, ambao ni wa hesabu tu, kwa kuwa si bei ya mkandarasi yeyote. Tuseme bwawa linahitaji shilingi milioni 300 na soko linataka riba ya asilimia 13 kwa miaka 10. Kaunti ikilipa kidogokidogo mtaji na riba kwa pamoja, italipa takriban shilingi milioni 55.3 kila mwaka, na mwishowe itakuwa imelipa kama milioni 553. Ikichagua kulipa riba peke yake na kuacha mtaji wote hadi mwaka wa kumi, itakuwa ikilipa milioni 39 kila mwaka, kiasi kinachoonekana chepesi, kisha mwaka wa mwisho itadaiwa milioni 300 kwa mkupuo, na jumla itafika milioni 690. Njia ya pili ni tamu kwa gavana anayekata utepe na chungu kwa atakayekuwa ofisini deni likiiva. Kikomo cha gavana ni mihula miwili, yaani miaka 10. Naomba mswada uandike wazi kwamba ni njia ya kwanza, kwani dawa ya deni ni kulipa, na dawa hiyo hunywewa vizuri zaidi na yule aliyelikopa.

Hatutakuwa wa kwanza kulifikiria jambo hili. Laikipia, katika muhula wa 2017 hadi 2022, ilipata kibali cha kutafuta shilingi bilioni 1.16 kwa hatifungani ya miundombinu, ila hatifungani hiyo haikufika sokoni. Jirani zetu wa Tanga ndio waliofika. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya mji huo, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani, yaani ya miradi inayotunza mazingira, ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 13.5, ikatafuta shilingi za Tanzania bilioni 53.12 na kupata bilioni 54.72, kisha ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Nimewasikia watu wakiutaja mfano wa Tanga kana kwamba unathibitisha kila kitu. Unathibitisha kwamba mji wa pwani yetu unaweza kuaminiwa na wawekezaji. Haututhibitishii bwawa. Tanga UWASA huuza maji, na kila mwezi wateja hulipa bili, na kutokana na bili hizo riba hulipwa. Bwawa la umma halina mapato ya namna hiyo. Tukimtoza kila mtoto ada ya kutosha kulipia deni, tutakuwa tumejenga hoteli nyingine isiyo na vyumba.

Hapo ndipo ninapotaka ukweli usemwe mapema: bwawa la umma halijilipi, wala halikusudiwi kujilipa. Deni lake litalipwa na kitu kingine, na kitu hicho kitajwe kwa jina. Kama ni sehemu ya kodi ya ardhi, semeni ni sehemu gani. Kama ni ada za maegesho au leseni za biashara, semeni ni asilimia ngapi zitawekwa katika akaunti ya peke yake ambayo haiguswi kwa jambo jingine. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hutaja kila mwaka madeni ambayo kaunti yetu haijawalipa wakandarasi na wazabuni, na mwenye kuisoma ripoti hiyo ana haki ya kuuliza kwa nini tukope kwa mwingine ilhali hao hawajalipwa. Sina jibu la kumpa mtu huyo isipokuwa akaunti hiyo. Bila akaunti hiyo, nami nitapiga kura ya hapana.

Jambo zito zaidi, na ambalo mara nyingi huachwa nje ya hotuba, ni gharama ya kuliendesha bwawa baada ya utepe kukatwa. Nilisema nitalirudia sharti la sheria. Hatifungani inaweza kununua saruji, vigae na pampu, lakini haiwezi kumlipa mwokoaji mshahara, wala kununua klorini, wala kulipa bili ya umeme. Pampu za bwawa hufanya kazi saa nyingi kila siku ili maji yapite kwenye chujio. Zikizimwa kwa sababu bili haikulipwa, maji huanza kugeuka kijani katika siku chache, na bwawa la kijani ni hatari kuliko kutokuwa na bwawa. Waokoaji hawawezi kuwa vibarua wa msimu wanaolipwa mwezi wa tatu kwa kazi ya mwezi wa kwanza. Mmeuona uwanja wetu wa mpira wa manispaa, uliobomolewa ili ujengwe upya na kukaa miaka mingi bila kukamilika. Uwanja usiokamilika huota majani, lakini shimo lenye maji yaliyotuama na ukuta uliovunjika litaua mtoto. Kwa hiyo swali la uendeshaji si la baadaye. Ni sehemu ya swali la kura, na linapaswa kuandikwa na takwimu yake.

Lipo pingamizi jingine ambalo naliheshimu kuliko mengine yote, nalo ni la maji. Nyumba nyingi za kaunti hii hazipati maji ya bomba kila siku, na mikokoteni ya mitungi haijapungua mitaani. Maji yetu ya bomba karibu yote hutoka nje ya kaunti: Mzima kule Taita Taveta, Baricho kule Kilifi, Marere na Tiwi kule Kwale, na Bwawa la Mwache ambalo bado tunalisubiri nalo liko Kwale. Mama anayenunua maji kwa mtungi ana haki ya kukasirika akisikia kwamba kaunti itajaza bwawa la kuogelea. Lakini hasira hiyo ijibiwe kwa vipimo. Bwawa la mita 50 kwa 25 lenye kina cha mita 2 hubeba lita milioni 2.5. Bwawa la mita 25 kwa 12.5 lenye kina cha wastani cha mita 1.4 hubeba lita 437,500, nalo linatosha kabisa kufundishia. Likipoteza milimita 5 kwa siku kwa jua na upepo, ni lita zipatazo 1,560, mbali na maji yanayotumika kuoshea chujio. Kwa hiyo bwawa kubwa la kujivunia ni zaidi ya mara tano ya bwawa tunalolihitaji, na mimi nawasihi mlisahau hilo kubwa. Hatuandai mashindano ya Olimpiki Likoni.

Na ipo njia ya kutotumia kabisa maji ya bomba. Bwawa la Sea Point mjini Cape Town, ambalo ni la umma, hujazwa maji ya bahari. Mji ambao bahari yake hupanda na kushuka mita kadhaa kwenye bamvua hauwezi kusema hauna maji ya chumvi. Njia hiyo ina ugumu wake: chumvi hula pampu na vyuma, kwa hiyo vifaa ni ghali zaidi, na mahali pa kuvutia maji lazima pachaguliwe kwa uangalifu. Siwezi kuunga mkono maji ya hori ya Tudor, ambako majitaka ya mji huingia, wala ya karibu na gati za bandari. Wahandisi wapime kwanza, katika kusi na kaskazi, kisha watuambie. Matokeo ya vipimo hivyo yawekwe hadharani kabla ya kura, wala si baada ya zabuni kutolewa.

Nimejaribu pia kuhesabu ni watoto wangapi watakaofaidika, kwa sababu maneno kama "vijana wetu" hayana idadi. Tuseme bwawa la mita 25 linafundisha watoto 40 kwa saa, saa 6 kila siku ya shule, siku 180 kwa mwaka. Hizo ni nafasi 43,200. Kila mtoto akipewa masomo 15, watoto 2,880 watafundishwa kwa mwaka. Ukigawa malipo ya deni niliyoyataja kwa watoto hao, kila mmoja anaigharimu kaunti takriban shilingi 19,200, kabla ya kumlipa mwalimu wala kununua klorini. Kiasi hicho si kidogo, na sikukusudia kukificha. Kinapungua bwawa likitumika alfajiri, jioni na mwisho wa juma kwa watu wazima wanaolipa ada ya kawaida, lakini hakitoweki.

Ndiyo maana nataka serikali ijibu swali ambalo wapinzani wa bwawa watauliza, nami nitawatangulia kuliuliza. Nchini Bangladesh, mpango uitwao SwimSafe uliwafundisha watoto wa vijijini kuogelea katika madimbwi ya kawaida yaliyowekewa majukwaa ya mianzi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba vifo vya kuzama miongoni mwa watoto waliofundishwa vilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana wa Kiislamu kuogelea baharini, wakiwa na mavazi ya stara na walimu wanawake wa hapohapo. Hakuna aliyejenga bwawa la mamilioni. Kwa nini basi sisi tusizungushe boriti na nyavu sehemu ya ufuo wa Likoni au Nyali, tukawalipa wavuvi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fuo, na vijana waliofuzu uokoaji wafundishe hapo? Jibu langu ni kwamba tufanye hivyo, tena likizo ijayo ya shule, bila kungoja kura wala hatifungani. Lakini bahari yetu ina masharti yake: maji yanapokupwa hakuna kina, kusi ikivuma mawimbi hayamruhusu anayeanza, na ratiba ya shule haiwezi kubadilika kila siku kufuata mwezi. Bwawa hutoa saa ileile, kina kilekile na maji yanayoonekana hadi chini, mwaka mzima. Kwangu hiyo ni sababu ya kutosha. Wengine watasema haitoshi kwa bei hiyo, na ndiyo maana nataka wapige kura.

Kuhusu mahali, nitasema kwa ufupi. Msilipeleke karibu na bustani ya ufuoni ya Mama Ngina kwa sababu picha hutoka vizuri. Lijengwe Likoni au Kisauni, ambako watoto wako, mahali panapofikiwa kwa miguu na kwa matatu moja. Mimi ni mkazi wa Likoni na sitajifanya sina upande, lakini hesabu ikionyesha Kisauni, nitaikubali.

Kuhusu wanawake, nitakawia kidogo, kwa kuwa hapa ndipo mpango mzuri unaweza kufeli bila kelele yoyote. Katika mji wenye Waislamu wengi kama wetu, bwawa lisilo na saa za wanawake ni bwawa la wanaume. Haitoshi kuandika kwenye ukuta kwamba Alhamisi asubuhi ni zamu yao, wakati ambapo wengi wako kazini au sokoni. Zamu ziwe za kila siku, nyingine ziwe jioni. Walimu, waokoaji na walinzi wa zamu hizo wawe wanawake. Ukuta uwe wa kweli, si wa vioo wala wa chuma chenye matundu. Na vazi la stara lisimzuie mtu kuingia majini. Mambo haya yakiachwa mpaka jengo likamilike, mchoro utakuwa umeshayakataa. Njia ya mteremko kwa wenye ulemavu nayo ni ya kuchorwa mwanzoni, kwa sababu hiyohiyo.

Nirudi kwenye kura, na kwa hapo mfano wa mbali una faida. Katika majimbo mengi ya Marekani mji hauwezi kujitia deni la kulipwa kwa kodi ya majengo bila wakazi kupiga kura. Shoreline, mji mdogo kaskazini mwa Seattle, uliwauliza wakazi wake mara mbili mwaka 2019 kama wanakubali deni la dola milioni 103.6 kwa kituo kipya chenye bwawa na kwa kukarabati bustani. Mwezi wa Novemba zaidi ya nusu walisema ndiyo, lakini sheria ya Jimbo la Washington hutaka asilimia 60, na pendekezo likaanguka. Mwaka 2022 wakakubali deni dogo zaidi, la bustani, bila bwawa. Mtu anaweza kusema kura iliwanyima watoto wa Shoreline bwawa. Mimi naona mji ulioambiwa bei, ukaikataa, kisha ukaambiwa bei nyingine ukaikubali, na hakuna aliyedanganywa. Sidai asilimia 60 hapa kwetu. Ninachotaka kuazima kwao ni sharti lao jingine, la idadi ya chini ya wapiga kura wanaopaswa kujitokeza, ili deni la watu milioni moja lisiamuliwe na elfu chache waliosafirishwa kwa mabasi. Na kura hiyo isifanywe siku moja na uchaguzi mkuu wa 2027, hata kama itapunguza gharama, kwa maana siku hiyo kila kitu huwa cha chama fulani, na bwawa litapata rangi kabla ya kupata maji.

Swali lenyewe lisiwe la maneno matamu. Swali la "Je, unaunga mkono ujenzi wa bwawa la kisasa kwa ajili ya vijana wetu?" halina mtu wa kulikataa, kwa hiyo halina maana. Napendekeza liandikwe hivi, na nafasi zilizo wazi zijazwe kabla ya karatasi kuchapishwa:

"Je, unakubali Serikali ya Kaunti ya Mombasa ikope shilingi (kiasi) kwa hatifungani ya miaka (idadi) ili kujenga bwawa la umma la kuogelea katika wadi ya (jina), ukijua kwamba deni hilo pamoja na riba yake litafika shilingi (jumla), kwamba litalipwa kutokana na (chanzo cha mapato), na kwamba kuliendesha bwawa hilo kutaigharimu kaunti shilingi (kiasi) kila mwaka?"

Ni refu, lakini ni swali ambalo mama mwenye kibanda cha mboga pale Likoni anaweza kusomewa na mwanawe na akalielewa, na akisema hapana, amesema hapana kwa kitu anachokijua. Karatasi hiyo ibandikwe katika ofisi ya kila wadi, katika misikiti na makanisa yanayokubali, na kwenye vituo vya feri, kwa muda usiopungua siku 60 kabla ya kura.

Naomba, Waheshimiwa, jibu la maandishi kwa mambo matatu: kama mtauandaa mswada huu, kama mtautuma kwa wananchi kwa kifungu cha 90, na kama mafunzo ya baharini yanaweza kuanza likizo ijayo kwa fedha zilizomo tayari katika bajeti ya michezo. Kama jibu lenu ni kwamba kaunti haina uwezo wa kulibeba deni hili kwa sasa, nitaridhika nalo, mradi hesabu iliyowafikisha kwenye jibu hilo ichapishwe ili nasi tuipitie.

Wenu katika ujenzi wa kaunti,

Mkazi wa Likoni na mpiga kura wa Kaunti ya Mombasa